NYUMBA NJEMA SI MLANGO
Mambo ya kukagua kabla mfanyakazi hajatoa akiba yake



Mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshika, mwanachama wetu mmoja alifika katika ofisi ya tawi. Ni fundi mitambo kiwandani, mtu wa miaka 46, mwenye watoto watano. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki aliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Tulidhani amekuja kwa shauri la kazini, kama wengi wanavyokuja. Akatuambia:

"Wazee wangu, leo sikuja kuishtaki kampuni. Nimekuja kuuliza kama mtu aweza kurudisha nyumba, kama anavyorudisha dukani shati lenye tundu."

Tulimkaribisha akae, tukasoma karatasi zake, na siku ya Jumapili tukaenda kuiona nyumba yenyewe upande wa Njeru, ng'ambo ya mto kutoka Jinja. Tuliyoyaona huko ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Mwenyewe ameturuhusu tuyaeleze, ila jina lake na jina la aliyemwuzia hatutayataja.

Fedha zilitoka wapi

Wengi wetu tunajua ya kuwa kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 10, fedha hizo zikawekwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Zamani mtu alingoja mpaka uzee, au ulemavu, au sababu nyingine chache, ndipo apewe. Sheria ilirekebishwa mwaka 2022. Tangu hapo mwanachama aliyetimiza miaka 45 na aliyechangia kwa miaka 10 au zaidi anaweza kuchukua mapema sehemu isiyozidi asilimia 20 ya akiba yake.

Mwenzetu alikuwa na shilingi milioni 42 katika mfuko. Akachukua asilimia 20, yaani shilingi 8,400,000. Akakopa shilingi 12,000,000 katika chama cha akiba na mikopo. Akauza ng'ombe wawili, na mkewe akatoa akiba yake ya biashara ya samaki sokoni, zikapatikana shilingi 5,600,000. Jumla ikawa shilingi 26,000,000, nayo ndiyo bei ya nyumba: vyumba vitatu, ukumbi, choo nje, na nafasi ndogo ya bustani.

Basi, nyumba ile haikununuliwa kwa fedha za mchezo. Ndani yake kuna zaidi ya miaka ishirini ya zamu za usiku, kuna mifugo ya baba yake, na kuna mikono ya mkewe. Na lile deni la milioni 12 bado linakatwa kila mwezi, karibu nusu ya mshahara.

Karatasi safi, nyumba mbovu

Lazima tuseme ukweli: ndugu huyu hakuwa mzembe. Alifanya yale tuliyomfundisha katika semina ya tawi. Nyumba iko juu ya kibanja katika ardhi ya mailo. Kwa hiyo kabla ya kulipa alimtafuta mwenye ardhi na kupata ridhaa yake kwa maandishi. Alihakikisha busuulu imelipwa. Mke wa mwuzaji alitia sahihi pamoja na mumewe. Majirani wa pande zote nne walikuja kuonyesha mipaka, na mwenyekiti wa LC 1 akashuhudia.

Yote hayo ni mema, na tutayarudia kwa ufupi huko mbele. Lakini katika semina ile sisi tulizungumza habari za karatasi tu. Hatukusema neno hata moja juu ya ukuta, paa na choo. Hilo ni kosa letu, nasi tunalisahihisha hapa.

Aliitazama nyumba mwezi wa Januari, siku ya jua kali. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya maziwa, na chini msitari wa rangi nyekundu. Mwuzaji akampigia ukuta kwa kiganja akisema, "Ndugu yangu, nyumba hii ni ngumu kama jiwe. Mimi nauza kwa sababu ya karo ya watoto tu." Ukaguzi wote ulichukua muda wa nusu saa. Yapo maneno ya wahenga ya kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwenzetu aliingia ndani kweli, lakini aliangalia rangi tu.

Mwezi wa Machi mvua ikaanza. Kwanza sakafu ya chumba cha nyuma ikalowa. Halafu plasta ikabanduka kwenye pembe, na nyuma yake ukatokea ufa wa mshazari ulioanzia kona ya dirisha ukashuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali. Kidole cha mtoto kiliingia. Wiki ya pili dari ikashuka, wakakuta mbao za paa zimeliwa na mchwa, zimebaki ganda. Kisha taa zikaanza kuwaka na kuzima, na ukigusa ukuta wenye unyevu karibu na swichi unapigwa na umeme. Mwisho, shimo la choo likatitia upande mmoja.

Fundi tuliyekwenda naye alihesabu matengenezo hivi:

Kuimarisha msingi wa pembe ya nyuma na kuchimba mtaro wa maji: shilingi 3,200,000.
Mbao mpya za paa na dawa ya mchwa: shilingi 2,450,000.
Kubadili waya za umeme: shilingi 1,150,000.
Choo kipya kilichojengewa matofali ndani: shilingi 1,900,000.
Plasta na rangi: shilingi 1,100,000.

Jumla ni shilingi 9,800,000. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya bei ya nyumba, na inapita fedha zote alizochukua NSSF. Kama angeyajua haya mwezi wa Januari, angefanya moja katika mawili: angeiacha nyumba, au angepunguziwa bei.

Sheria inasemaje

Hapa wengi hukosea. Hufikiri ya kuwa mwuzaji wa nyumba analazimika kueleza kila ubovu. Sivyo. Katika kuuza nyumba na ardhi, sheria yetu inafuata kanuni ya zamani iliyotoka Uingereza, isemayo mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Mwuzaji akinyamaza tu, na ubovu ukawa ni wa kuonekana kwa mtu aliyekagua vema, kwa kawaida hasara ni ya mnunuzi.

Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kudanganya ni jambo jingine. Mwuzaji akiulizwa "Je, nyumba hii huingia maji?" akajibu "Hapana", hali anajua ya kuwa huingia, huo ni udanganyifu. Vilevile akiziba ufa kwa makusudi na kuupaka rangi ili usionekane. Mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kuvunjwa, au mnunuzi anaweza kudai fidia. Muda wa kufungua madai ya mkataba mahakamani ni miaka 6, lakini asiongoje. Ushahidi hupotea, na mashahidi huhama.

Shida ni ushahidi. Mkataba wa mwenzetu ulikuwa na msitari mmoja mdogo: "Mnunuzi ameiona nyumba na ameikubali kama ilivyo." Aliutia sahihi bila kuufikiria. Na maneno yote mazuri ya mwuzaji yalisemwa kwa mdomo, hakuna hata moja lililoandikwa.

Kilichomsaidia ni bahati. Yule fundi aliyepaka rangi anakaa mtaa huohuo. Tulipomwuliza alisema wazi ya kuwa mwezi wa Desemba mwuzaji alimwita, akamwagiza ajaze nyufa kwa saruji na kupaka rangi juu, "kabla wageni hawajaja". Tukaandika barua, tukakaa na mwuzaji mbele ya mwenyekiti wa LC na wazee wa mtaa. Baada ya vikao vitatu alikubali kurudisha shilingi 3,000,000 kwa mafungu matatu. Mpaka tunaandika, fungu moja limelipwa. Shilingi 6,800,000 zilizobaki ni mzigo wa mwenzetu. Angeweza kwenda mahakamani kudai zaidi, lakini alipima gharama ya wakili na siku za kazi atakazopoteza, akachagua kuchukua hicho kidogo. Hatumlaumu.

Jinsi ya kukagua nyumba

Yafuatayo tumeyapata kwa mafundi wanachama wetu: waashi, maseremala na mafundi umeme. Chukua tochi, bisibisi, msumari mrefu, na kamba yenye jiwe dogo la timazi. Vaa nguo za kazi. Na usiende mara moja tu.

Kwanza, majira. Nyumba itazame wakati wa mvua, mwezi wa Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba. Ikiwa lazima ununue wakati wa kiangazi, waulize majirani, hasa wapangaji na akina mama wanaochota maji hapo karibu: "Mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi?" Jirani hana faida katika mauzo, kwa hiyo mara nyingi atakuambia kweli.

Pili, mahali. Simama mbali uangalie mteremko. Nyumba iliyo chini ya mteremko bila mtaro itapokea maji ya kilima kizima. Angalia mimea: mafunjo na matete ni dalili ya kinamasi, hata kama udongo mwekundu umemwagwa juu. Kinamasi kina hatari mbili. Msingi hutitia, na zaidi ya hayo, Katiba ya mwaka 1995 imeiweka ardhi ya kinamasi mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda pia meta 200 kutoka ufuko wa Ziwa Viktoria na meta 100 kutoka ukingo wa mto Naili. Mwaka 2024 nyumba nyingi zilibomolewa katika kinamasi cha Lubigi pembeni mwa Kampala. Na wale waliojenga karibu mno na ziwa waliona maji yakiingia mpaka vyumbani mwaka 2020, na tena mwaka 2024. Ukipata hasara ya namna hiyo, hakuna fundi wa kuitengeneza.

Uliza pia kama palikuwa na kichuguu. Katika sehemu zetu watu husawazisha kichuguu na kujenga juu yake. Chini huwa na mapango ya mchwa, nayo sakafu hubonyea baadaye. Mchwa nao hawakuhama. Wataingia katika mbao.

Tatu, nyufa. Si kila ufa ni hatari. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa juu ya plasta, mara nyingi ni plasta iliyokauka upesi mno. Ufa wa kuogopa ni ule wa mshazari unaoanzia kona ya mlango au dirisha, au unaoshuka ngazi kwa ngazi kati ya matofali, au unaoonekana ndani na nje mahali pamoja. Huo unasema ya kuwa msingi unashuka upande mmoja. Ikiwa shilingi ya sarafu inaingia ndani yake, mwite fundi kabla ya kuendelea.

Yapo mambo mawili ya kutambua ufa uliofichwa. Weka tochi sambamba na ukuta, mwanga upite juu yake. Kiraka kitaonekana kwa kivuli chake. Kisha gonga kwa kitako cha bisibisi. Plasta iliyoshika hutoa sauti nzito, na iliyoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Na ukikuta chumba kimoja kimepakwa rangi mpya hali vingine vina rangi ya zamani, uliza kwa nini.

Kama mwuzaji anakubali kungoja, bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji, uandike tarehe. Kioo kikipasuka baada ya wiki chache, nyumba bado inatembea. Kikibaki kizima mpaka mwisho wa mvua, huenda imeshatulia.

Nne, unyevu. Chini ya ukuta tafuta alama ya maji, chumvi nyeupe, au rangi inayobanduka kufikia urefu wa goti. Mara nyingi maana yake ni kwamba mjenzi hakuweka ile karatasi nene ya nailoni kati ya msingi na ukuta, ambayo huzuia unyevu usipande. Ule msitari wa rangi nyekundu wa nyumba ya mwenzetu ulipakwa mahali hasa palipokuwa na alama hiyo. Nusa pia: chumba chenye harufu ya uvundo kina sababu yake.

Tano, matofali na saruji. Tafuta mahali pasipo na plasta, kama vile nyuma ya jiko au ndani ya dari. Kwaruza tofali kwa msumari. Likitoka unga kama udongo, halikuiva tanuruni. Kwaruza na saruji ya kiungo: ikimong'onyoka kwa kidole, mchanga ulikuwa mwingi kuliko saruji. Shusha timazi yako kutoka juu ya ukuta uone kama umesimama wima. Weka gololi ya mtoto sakafuni. Ikikimbia yenyewe kuelekea pembe moja, pembe hiyo imeshuka.

Angalia pia juu ya milango na madirisha kama kuna mkanda wa zege wenye nondo. Nyumba nyingi za kuuza hujengwa bila mkanda huo ili kuokoa gharama, na uzito wote wa ukuta hukaa juu ya fremu.

Sita, paa. Panda ndani ya dari, au mtume kijana mwepesi. Funga mlango ukae gizani: kila tundu la bati litaonyesha nuru kama nyota. Choma mbao kwa bisibisi. Mbao nzima hukataa. Iliyoliwa hupokea bisibisi kama mkate. Njia nyembamba za udongo zinazopanda ukutani ni barabara za mchwa.

Saba, umeme. Fungua swichi moja, baada ya kuzima swichi kubwa. Waya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa kwa nailoni ni ajali inayongoja siku yake. Angalia kama kuna waya wa ardhi na chuma chake nje. Matengenezo ya waya yafanywe na fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA. Uliza mita ni ya jina la nani na kama ina deni. Tangu Aprili 2025 wateja wengi wa umeme wanahudumiwa na UEDCL. Nenda ofisini kwao na namba ya mita ya Yaka, waulize. Fanya hivyohivyo kwa deni la maji, maana bomba likikatwa kwa deni la mtu mwingine ni watoto wako watakaobeba madumu.

Nane, choo. Hapa watu huona haya, wakapita haraka. Usione haya. Uliza shimo lina kina gani, limejengewa matofali au ni udongo mtupu, limejaa kiasi gani, na liko umbali gani kutoka kisimani. Simama kando usikilize sakafu yake. Choo kikititia na mtu yumo ndani, hayo si matengenezo tena, ni msiba.

Nyumba za kambi za zamani

Tuseme neno pekee juu ya nyumba za kambi na za mitaa ya wafanyakazi zilizojengwa zamani, ambazo baadhi huuzwa kwa wakaaji. Nyingine ziliezekwa kwa asbesto: mabamba mazito ya kijivu, yenye mawimbi, yasiyo chuma. Bamba zima lililotulia juu halina hatari kubwa. Hatari huanza linapovunjwa, kukatwa kwa msumeno, kutobolewa au kusuguliwa kwa brashi, kwa sababu vumbi lake lina nyuzi ndogo zisizoonekana zinazoingia mapafuni na kukaa humo. Ugonjwa wake, pamoja na saratani, hutokea baada ya miaka 10 hadi 40, mtu akiwa ameshasahau siku aliyopanda juu ya paa.

Basi ukinunua nyumba kama hiyo, hesabu katika bei gharama ya kuliondoa paa kwa njia ya salama: kwa watu waliofunzwa, mabamba yakiwa yamelowanishwa, yakiondolewa mazima na kuzikwa mahali palipokubaliwa. Usiwatume wanao kuyabomoa kwa nyundo, wala usitumie vipande vyake kuwa sakafu ya banda la kuku.

Karatasi, kwa ufupi

Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Kwa hiyo nyumba yo yote haiuzwi kwa mdomo.

Ikiwa ni kibanja juu ya mailo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho ya mwaka 2010, inataka ridhaa ya mwenye ardhi. Bila ridhaa mauzo hayasimami. Ikiwa ni makao ya familia, mume au mke wa mwuzaji lazima akubali. Ikiwa kuna hati, nenda ofisi ya ardhi ya kanda ukachunguze daftari: kwa Njeru, Buikwe na Lugazi ni ofisi ya Mukono, kwa upande wa Jinja ni ofisi ya Jinja. Ada ya kuchunguza ni ndogo ukilinganisha na hasara. Na unapohamisha hati, hesabu ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani. Kwa nyumba ya shilingi milioni 26 ni shilingi 390,000, nazo lazima ziwe mfukoni mwako kabla hujaanza.

Muhuri wa LC ni ushahidi wa kwamba mliuziana mbele ya watu. Muhuri huo hauthibitishi ya kuwa mwuzaji ni mwenye mali, wala hausemi ya kuwa ukuta ni mzima.

Mambo manne ya kutia katika mkataba

La kwanza, maswali na majibu. Muulize mwuzaji mbele ya mashahidi: Je, nyumba huingia maji? Je, kuna ufa uliozibwa? Je, mchwa wamewahi kutibiwa? Je, choo kilichimbwa lini? Majibu yake yaandikwe ndani ya mkataba. Mtu mkweli hataogopa. Anayekataa kuandika amekwisha kukujibu.

La pili, usitie sahihi chini ya maneno "kama ilivyo" kabla ya fundi wako kuikagua nyumba. Fundi awe wa kwako, uliyemleta na kumlipa wewe. Fundi anayeletwa na mwuzaji hula kwa mwuzaji.

La tatu, usilipe fedha zote kwa siku moja. Omba fungu dogo, tuseme sehemu moja ya kumi, libaki mpaka mvua za kwanza zipite, na mkataba useme ubovu uliofichwa ukitokea litatumika kwa matengenezo. Si kila mwuzaji atakubali. Lakini wengi hukubali, maana anayetaka fedha haraka hupendelea tisa mkononi kuliko kumi za baadaye.

La nne, weka akiba ya matengenezo. Mwenye shilingi milioni 26 asitafute nyumba ya milioni 26. Atafute ya milioni 22 au 23. Hata nyumba nzuri ina bati litakalovuja na kitasa kitakachovunjika.

Neno la mwisho

Wapo watakaosema, "Basi ni afadhali kukaa katika nyumba ya kampuni mpaka siku ya kustaafu." Sisi hatusemi hivyo. Tumewaona wenzetu waliotoka kambini na godoro na masanduku mawili, bila mahali pa kwenda, kwa sababu nyumba ilikwisha siku kazi ilipokwisha. Kuwa na paa lako ni haki na ni heshima. Tunachosema ni hiki: akiba ya asilimia 20 huchukuliwa mapema mara moja. Ikizama katika ukuta unaotitia, haitarudi, na ile inayobaki NSSF ndiyo ya uzee wako.

Tawi limeandika majina ya waashi, maseremala na mafundi umeme walio wanachama, ambao wamekubali kwenda kukagua nyumba siku za Jumapili kwa nauli na chakula cha mchana tu. Anayetaka kununua afike ofisini kabla ya kutia sahihi, akiwa na nakala ya mkataba. Tutausoma pamoja, neno kwa neno.

Yule ndugu wa Njeru bado anakaa katika nyumba yake. Mtaro umechimbwa, na pembe ya nyuma imeimarishwa. Waya za umeme zitabadilishwa mwezi ujao fungu la pili likilipwa; mpaka hapo wanatumia taa ya jua. Juzi tulipomtembelea, mkewe alitupokea kwa chai, akatuonyesha kipande cha kioo walichobandika juu ya ufa tarehe 2 Juni. Bado ni kizima. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni hukitazama kwanza.